Akiba ya Uzeeni kwa Mwenzi Asiye na Mshahara: Mwongozo kwa Kaya za Mbuya

Uingereza, mzazi anayepokea posho ya mtoto wa chini ya miaka 12 huandikiwa miaka yake ya pensheni ya serikali bila kutoa hata senti, na akiwa na mapengo mengine anaruhusiwa kuyaziba kwa michango ya hiari. Ujerumani humhesabia mama miaka mitatu ya pensheni kwa kila mtoto aliyezaliwa tangu 1992. Jirani zetu Wanyarwanda walianzisha EjoHeza mwaka 2018, mpango wa akiba ya hiari ambamo serikali humwongezea kitu mwananchi wa kipato cha chini anayeweka chake.

Uganda hatuna hesabu ya namna hiyo kwa anayelea nyumba. Mwanamke aliyezaa na kulea watoto watano Mbuya, akapika, akafua, akauguza mama mkwe, hana mwezi hata mmoja ulioandikwa popote kwa jina lake. Kilichopo cha bure ni posho ya wazee ya mpango wa SAGE, ambayo ilipopanuliwa nchi nzima mwaka 2020 umri uliwekwa miaka 80 na kiasi shilingi 25,000 kwa mwezi. Kufika huko ni majaliwa, na ukifika, hizo pesa hazitoshi wiki mbili Kampala.

Ila mlango mmoja ulifunguliwa. Januari 2022 Rais Museveni alitia saini marekebisho ya sheria ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Waajiri wote sasa wanalazimika kuchangia, hata mwenye mfanyakazi mmoja, na mtu asiye na mwajiri anaweza kuweka akiba yake mwenyewe kwa hiari. Mke wa nyumbani au mume aliyebaki na watoto anaingia kwa mlango huo huo anaoingia fundi cherehani na mwendesha boda.

Jambo moja mlijue kabla hamjaanza. NSSF ya Uganda si pensheni ya kila mwezi. Ni mfuko wa akiba: mnaweka, unaongezewa riba, na siku ya kutoa unapewa fungu lote kwa mkupuo. Anayewaambia mama atakuwa "anapokea mshahara wa uzeeni kila mwezi kutoka NSSF" hajui anachokisema au anawauzia kitu kingine.

Ni nani hasa anayehitaji haya

Mbuya tunaijua. Juu kilimani kuna nyumba za wenye nazo na kambi ya jeshi. Chini Kinawataka vyumba vya kupanga vimebanana hadi bondeni. Kote huko kuna nyumba zinazolishwa na mshahara wa mtu mmoja, na hofu ya uzeeni ni ile ile.

Walio hatarini zaidi, kwa maoni yangu, ni wenzi wa watumishi wa serikali. Askari, polisi na mwalimu wa serikali hawakatwi NSSF. Pensheni yao hutoka hazina ya serikali na imeandikwa kwa jina lao peke yao. Mke wa sajini anakaa kota miaka 20, anajua kila njia ya kambi, anaongea Kiswahili cha jeshi kuliko mumewe. Siku afande anastaafu, kota inarudishwa, hati za pensheni zinasomwa, na jina la mama halimo. Wakiishi vizuri hakuna neno, pesa italiwa mezani pamoja. Wakiachana, au afande akiwa na nyumba ya pili kule alikohamishiwa, mama anabaki na sufuria.

Wa pili ni walioachwa nyuma na wenzi walioenda Dubai, Doha au Muscat. Pesa inatumwa kila mwezi, inaingia karo na kodi, inakwisha. Huyu ana nafasi nzuri kuliko anavyodhani, maana pesa tayari inapita kwenye simu yake.

Hatua ya 1: Angalieni kama tayari ana namba

Msikimbilie kufungua akaunti. Wanawake wengi wasio na kazi leo waliwahi kuwa nayo: mwaka mmoja hotelini, miwili katika shule binafsi, miezi kadhaa kiwandani Nakawa. Hata kabla ya 2022 sheria iliwabana waajiri wenye wafanyakazi watano na zaidi, hivyo upo uwezekano kwamba mwajiri wa zamani alimsajili na kuna visenti vimelala huko vikipata riba.

Piga *254# kwenye simu, au fungua programu ya NSSFGo, au nenda ofisi kuu iliyo Workers House, barabara ya Pilkington katikati ya jiji. Chukua kitambulisho. Akiwa na namba ya zamani, itumieni hiyo. Mkikuta mwajiri alikata kwenye mshahara lakini hakupeleka, msiiache hivi hivi: hati za mshahara au taarifa za benki za miaka hiyo ndizo zitakazowezesha NSSF kumfuata. Asilimia 5 ilitoka kwake na asilimia 10 ilipaswa kutoka kwa mwajiri, yote 15 ni mali yake.

Hatua ya 2: Ndaga Muntu na laini ya simu

Hapa ndipo mambo mengi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kila kitu kinategemea namba ya utambulisho iliyo kwenye Ndaga Muntu, yaani kitambulisho cha taifa. Vitambulisho vya kwanza vilivyotolewa kuanzia 2014 viliandikwa miaka kumi, na NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, ilianza kazi ya kuvihuisha nchi nzima mwaka 2025. Angalieni tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye kadi. Kadi ikiisha muda, namba haibadiliki, lakini afisa wa kaunta anataka kadi hai.

Angalieni majina herufi kwa herufi. Mwanamke aliyesajiliwa kazini kama Nakato kisha kitambulisho kikaandikwa jina la ndoa mbele yake, atakuwa watu wawili kwenye kompyuta. Tarehe ya kuzaliwa nayo. Wapo walioandikwa 1 Januari kwa sababu siku ya usajili hakuna aliyekumbuka tarehe halisi, huku vyeti vya shule vikisema vingine. Kurekebisha mtu akiwa na miaka 32 ni usumbufu wa asubuhi chache. Kurekebisha akiwa na miaka 55, na pesa inangojwa kwa ada ya mjukuu, ni mateso.

Kisha laini. Nyumba nyingi laini zote zimesajiliwa kwa kitambulisho cha baba, au cha shemeji aliyekuwa karibu na duka siku ile. Laini itakayolipia akiba na kupokea ujumbe wa NSSF iwe imesajiliwa kwa kitambulisho cha mama mwenyewe, na neno la siri alijue yeye. Hili si suala la kutoaminiana. Laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine ikipotea, ni huyo mtu mwingine tu anayeweza kuirudisha, na huenda wakati huo yuko Mogadishu.

Hatua ya 3: Kubalianeni kiasi, na mkiite kwa jina lake

Utasikia mume akisema: "Nikipata ziada nitakuwekea." Ziada haiji. Mnachotafuta ni kiasi kinachotoka kabla ya mengine, siku moja na kodi ya nyumba.

Mpango wa NSSF kwa wasio na mwajiri unaitwa SmartLife Flexi, na unaanza na shilingi 5,000. Hicho ni kiwango cha chini cha kuingilia, kisichukuliwe kama lengo. Chukua mfano wa shilingi 50,000 kwa mwezi, yaani 600,000 kwa mwaka, na tukadirie riba ya asilimia 10. Mama akianza na miaka 30, akifika 55 atakuwa ameweka milioni 15 na kukuta karibu milioni 59. Akianza na miaka 40, ataweka milioni 9 na kukuta kama milioni 19. Akianza na 45, milioni 6 zitakuwa milioni 9 na nusu. Anayeanza akiwa na miaka 30 anaweka chini ya mara mbili ya yule wa 40, anavuna mara tatu.

Msizishangilie sana hizo milioni 59. Bei zikipanda asilimia 5 kila mwaka kwa miaka 25, zitanunua kinachonunuliwa leo na milioni 17 hivi. Bado ni fungu la maana kwa mtu ambaye vinginevyo angekuwa na sifuri, lakini si jumba la kifahari. Ndiyo maana mchango nao lazima upande kila mshahara unapopanda. Ukibaki 50,000 kwa miaka 25, mwishoni utakuwa nauli.

Asilimia 10 nimeichukua kwa tahadhari. NSSF ilitangaza asilimia 9.65 kwa mwaka wa fedha 2021/22, 10 kwa 2022/23, 11.5 kwa 2023/24 na 13.5 kwa 2024/25. Sheria yenyewe inahakikisha asilimia 2.5 tu; kilicho juu ya hapo kinategemea mfuko umepata nini kwenye hati za serikali, hisa na majengo. Hivyo anayepanga uzee kwa kudhani 13.5 itadumu anajidanganya.

Kama mume ni mwanachama wa NSSF, amefikisha miaka 45 na amechangia miaka 10, marekebisho ya 2022 yanamruhusu kuchukua asilimia 20 ya akiba yake. Kwa mwenye ulemavu ni miaka 40, miaka 10 ya michango, na asilimia 50. Wengi huitumia kununua gari au kumalizia nyumba ya kijijini. Kuhamishia sehemu yake kwenye akaunti ya mke ni njia ya haraka ya kufidia miaka ambayo hakuwa na chochote, na sijaona matumizi mengine ya pesa hiyo yenye akili zaidi.

Pia kuna nyumba ambazo mama "hafanyi kazi" lakini ndiye anayefungua duka la mume saa kumi na mbili asubuhi na kulifunga usiku. Kama biashara imesajiliwa, mwajirini kweli: mshahara, makato, asilimia 15 kila mwezi. Hapo si hiari tena, na hakuna atakayesahau.

Hatua ya 4: Kufungua

Hatua fupi. Kwa *254#, kwa NSSFGo, kwenye tovuti ya NSSF au ofisini, anajaza namba ya kitambulisho, simu, na majina. Usajili ni bure. Anayedai "pesa ya fomu" mwacheni. Ajaze mwenyewe, simu ikiwa mkononi mwake, hata kama inachukua nusu saa na mume anajua kubofya haraka zaidi.

Akiulizwa lengo la akiba na muda, asikimbilie lengo la karibu. Akaunti ya mfanyakazi wa kawaida imefungwa hadi miaka 55, au 50 kwa aliyekaa bila kazi mwaka mzima. Akiba ya hiari ni legevu zaidi, mwenye nayo ndiye anayechagua. Ulegevu huo umewavutia wengi, na ndio utakaoimaliza akiba ya uzeeni kwa karo ya muhula wa pili. Chagueni muda mrefu kadiri mpango unavyoruhusu, na mkitaka akiba ya karo fungueni nyingine pembeni.

Maswali matatu ya kumuuliza afisa, na majibu yaandikwe: Riba ya SmartLife Flexi inahesabiwaje, ni ile ile ya akaunti za wafanyakazi? Akichukua kabla ya muda anapoteza nini? Akipata ajira baadaye, akiba hii na michango ya mwajiri zinasimamaje?

Hatua ya 5: Kulipa kila mwezi

Pesa ipite kwenye simu ya mama. Baba, au aliye Dubai, anamtumia. Yeye anaipeleka NSSF kwa MTN MoMo au Airtel Money. Ni kweli mnalipa ada ya kutuma mara moja zaidi. Lakini rekodi ya simu inasema pesa ilitoka kwake, ujumbe wa kupokelewa unaingia kwake, na yeye anazoea kuishughulikia mali yake. Mwanamke ambaye miaka 20 aliambiwa tu "nimeshalipa" hana tofauti kubwa na yule asiye na akaunti.

Tarehe ichaguliwe kwa kufuata mshahara. Mishahara ya serikali huingia mwisho wa mwezi, basi tarehe 1 pesa iwe imeshakwenda, kabla soko la Nakawa halijaimaliza. Nunueni daftari. Safu nne zinatosha: tarehe, kiasi, namba ya muamala, salio. Jumbe za simu hufutika, simu huibiwa kwenye teksi, daftari hubaki kabatini.

Mwezi pesa ikikosekana, wekeni hata 5,000. Mkiruka miezi mitatu mfululizo mpango umekufa, hata kama akaunti bado iko hai.

Na nigiina, kile kikundi cha kina mama cha kuchangiana kwa zamu, je? Mama asiache kikundi chake. Nigiina inamletea sufuria, viti, mtaji wa mandazi, na watu wa kuja msibani. Ila mzunguko wa kikundi unaisha kila mwaka, na mweka hazina ni binadamu. Kila kimoja kina kazi yake.

Hatua ya 6: Warithi, na cheti cha ndoa

Mwenye akaunti aandike majina ya watakaofaidika akifa, na namba za vitambulisho vyao. Watoto wadogo wawe na vyeti vya kuzaliwa vya NIRA. Kadi ya kliniki haitoshi.

Sasa jambo zito. Marekebisho ya sheria ya mirathi ya mwaka 2022 yalipanga kwamba mtu akifa bila wasia, mwenzi wake anapata asilimia 20 ya mali, watoto 75, ndugu wanaomtegemea 4, mrithi wa kimila 1. Mwenzi anayezungumziwa ni wa ndoa inayotambuliwa kisheria. Mliooana kanisa la Mbuya, msikitini, kwa msajili wa ndoa wa serikali au kimila kwa mahari na usajili, mmo. Waliokutana Kinawataka, wakahamia chumba kimoja na kuzaa watoto wanne, hawamo, hata baada ya miaka 15. Watoto watapata, mama yao atasimama mlangoni.

Akiba iliyo kwa jina lake mwenyewe haiingii katika mgawo huo. Haiwi mali ya marehemu, ukoo hauigusi. Kwa mwanamke asiye na cheti, akaunti hii ina thamani kupita riba yake yote.

Kwenye talaka hali ni tofauti kidogo. Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua mwaka 2013 kwamba mali ya kila mmoja haigeuki kuwa ya wawili kwa sababu tu ya ndoa. Mtu anapata kwa kadiri ya mchango wake, na mchango usio wa pesa, kama kulea watoto na kutunza nyumba, nao ni mchango. Maana yake ni kwamba mama ana haki, lakini inabidi aithibitishe mbele ya hakimu, kwa mashahidi na wakili. Salio la NSSF halihitaji shahidi.

Hatua ya 7: Ukaguzi wa Oktoba

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni, na riba hutangazwa kwa kawaida mwishoni mwa Septemba. Kwa akaunti za kawaida za NSSF riba huhesabiwa kwa salio la mwanzo wa mwaka huo, ndiyo maana wanaojua huweka fungu la ziada kabla Juni haijaisha.

Oktoba ikiingia, chukueni taarifa ya akaunti na daftari, mkae mezani wote wawili. Linganisheni. Mchango wowote ulio kwenye daftari na haumo kwenye taarifa, piga simu ya bure 0800 286 773 ukiwa na namba ya muamala. Kisha amueni: mwaka ujao kiasi kitapanda kwa ngapi?

Kuna anayeuliza kama mfuko wenyewe ni wa kuaminika. Swali la haki, maana mwaka 2023 Bunge liliunda kamati maalumu kuchunguza uendeshaji wa NSSF na nchi nzima ilisikia. Riba za miaka iliyofuata zililipwa, na zilipanda. Asiyetaka mayai yote kapu moja aangalie mipango mingine ya hiari iliyosajiliwa na URBRA, mamlaka ya kusimamia mafao ya uzeeni iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Mpango usio na leseni ya URBRA, hata ukitangazwa na mchungaji, upiteni mbali.

Hatua ya 8: Akifika umri

Fungu linatolewa lote, na mafao ya uzeeni ya NSSF hayatozwi kodi ya mapato. Miezi sita kabla, kagueni tena majina, tarehe ya kuzaliwa, kitambulisho na laini, na akaunti ya benki itakayopokea iwe ya mama peke yake. Simu za watu wanaojiita "afisa wa NSSF" na kuomba neno la siri ndizo huanza wakati huu; zikateni.

Kwa kuwa hakuna pensheni ya mwezi, ni nyinyi mtakaoitengeneza. Hati fungani za serikali ya Uganda hulipa riba kila miezi sita, na Benki Kuu huruhusu mtu kuanza na shilingi 100,000. Vyumba viwili vya kupangisha huleta kodi ya mwezi, mradi kiwanja kina hati isiyo na mgogoro. Wengine hugawa: nusu hati fungani, nusu vyumba, na kidogo cha hospitali kwenye akaunti ya kawaida. Mtoto mkubwa mwenye wazo la biashara atakuja wiki hiyo hiyo. Asikilizwe, apewe chai, na jibu angoje mwaka mmoja.